Sebule ya mita 30 za mraba Kigamboni inahitaji AC ya BTU ngapi?

Msomaji wa Kigamboni, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Tumehamia kwetu mwaka huu baada ya kujenga kidogokidogo kwa miaka sita. Sebule ni mita 6 kwa 5, dari ya jipsamu, juu mabati, na dirisha kubwa la kioo linatazama magharibi. Chumba chetu cha kulala ni mita 4 kwa 4. Muuzaji ametuambia tuchukue BTU 24,000 ya sebuleni na 18,000 ya chumbani, kwamba kubwa ndiyo inayopoza. Fundi mwingine anasema 12,000 zinatosha kote kote. Nimsikilize nani? Halafu wazazi wangu wako Njombe, baba ana matatizo ya kifua, na chumba chao mwezi wa saba hakikaliki kwa baridi. Wao niwanunulie nini, cha ukubwa gani?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuhamia kwako. Nianze na majibu yenyewe ili usingoje. Chumbani BTU 9,000 inatosha, na ile ya 18,000 itakiharibu chumba chako. Sebuleni, kwa jinsi nyumba ilivyo leo, muuzaji hakukosea: hesabu inafika karibu kabisa na 24,000. Lakini hela ya kwanza usiipeleke dukani kwake. Ipeleke darini na nje ya lile dirisha la magharibi, kisha sebule hiyohiyo itatosheka na 18,000 bila kuhangaika. Njombe nunua hita ya kilowati 2, na huko nako dari ndiyo itakayoamua kama itafanya kazi karibu usiku kucha au nusu yake tu.

Sasa tupige hesabu pamoja. Sitaki uamini neno langu kwa namna ileile ulivyotakiwa kuamini la muuzaji. Chukua futi kamba, kalamu na karatasi.

BTU ni kipimo cha joto cha Waingereza: ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. AC iliyoandikwa 12,000 maana yake inaweza kutoa chumbani BTU 12,000 kila saa. Mafundi huiita "tani moja", na wateja wengi hudhani ni uzito wa mashine. Sivyo. Zamani kule Marekani watu walipoza vyakula na majengo kwa mapande ya barafu. Tani yao moja ya barafu, yaani ratili 2,000, ikiyeyuka kwa saa 24 hunyonya BTU 12,000 kila saa. Barafu ikaondoka, jina likabaki. Kwa wati, tani moja ni karibu 3,517, kwa hiyo ukiwa na wati za joto zidisha kwa 3.4 upate BTU. Ukikuta dukani imeandikwa HP, mara nyingi HP 1 ni 9,000, HP 1.5 ni 12,000 na HP 2 ni 18,000, ila usinunue kwa HP. Geuza boksi usome BTU au kilowati za kupoza zenyewe.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto la ndani na kulitupa nje, basi. Ndiyo maana swali la "AC ya ukubwa gani" halijibiwi kwa kuangalia AC, linajibiwa kwa kuangalia joto linaingia kupitia wapi na kwa kiasi gani. Wengi hutumia kanuni ya mkato: zidisha mita za mraba kwa namba fulani, umemaliza. Kanuni hiyo nimeiona ikitolewa kwa namba tofauti kila duka, na haiwezi kuwa sahihi hata ndani ya nyumba moja, kama utakavyoona kwako. Sakafu haitoi joto. Joto linatoka darini, kwenye vioo, kwenye kuta, kwenye hewa inayopenya, na kwa nyinyi wenyewe mnaokaa humo.

Tuchukue siku mbaya: Februari, kaskazi inavuma, saa 10 jioni, nje nyuzi 32 za Selsiasi, na wewe unataka ndani iwe 25. Tofauti ni nyuzi 7. Kwa kila sehemu ya nyumba tunazidisha vitu vitatu: eneo lake kwa mita za mraba, wati zinazopita katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na hiyo tofauti yenyewe. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 uliopigwa plasta pande zote mbili hupitisha karibu wati 2.5. Kioo kimoja cha kawaida, karibu 5.7. Ubao mtupu wa jipsamu, karibu 3.5. Namba hizi ni za kukadiria, lakini hazitakupoteza.

Tuanze na dari, maana hapo ndipo nyumba zetu zinapoungua. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita utosini. Dar linakuwa wima kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mzigo mkubwa wa jua unaangukia paa, na paa lako ni bati jembamba. Hewa ya darini mchana hufika nyuzi 45 bila shida, nami nimewahi kupanda nikatelemka bila kumaliza kazi kwa sababu mikono ilikuwa haishikiki kwenye mbao. Kwa hiyo tofauti ya hapo si 7 tena, ni 20. Piga: mita 30 za mraba, mara 3.5, mara 20, unapata wati 2,100. Weka akilini namba hiyo. Ni zaidi ya nusu tani, inashuka kutoka juu yenu wakati mmekaa mnaangalia taarifa ya habari.

Dirisha la magharibi ndilo la pili. Hukuniandikia vipimo vyake, nami nitachukua mita 2.4 kwa 1.5, ukubwa wa kawaida wa dirisha la aluminiamu la sebuleni. Hiyo ni mita za mraba 3.6. Jua la saa 10 limeshashuka, linalipiga dirisha uso kwa uso, na kila mita ya mraba ya ukuta wa magharibi inaweza kupokea wati 550 hivi. Kioo cheupe kinaruhusu karibu asilimia 80 yake ipite. Unapata wati 1,580 za jua peke yake. Ongeza 140 za joto linalopita katika kioo kwa sababu nje ni moto kuliko ndani, jumla 1,720. Dirisha moja, binti yangu, linakaribia pasi mbili za umeme.

Kuta zina mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ukuta wa magharibi, mita 6 kwa kimo cha mita 3, ukitoa dirisha, una mita za mraba 14.4. Kwa kuwa jua limeupasha, tofauti yake tuiweke 15, tunapata wati 540. Wa kusini haupigwi sana na jua, una karibu 230. Kama upande huo kuna dirisha dogo la mita 1.5 kwa 1.2, weka 250. Wapo watakaokuambia upande wa kusini hauna jua kabisa. Kwa nchi zilizo mbali kusini mwa ikweta wanakaribia ukweli, kwetu si kweli: Desemba na Januari jua la Dar hupita kusini kidogo ya utosi. Kuta za ndani zinazopakana na korido na jiko, wati 250 nyingine.

Watu watano waliokaa hutoa karibu wati 115 kila mmoja, jumla 575. Televisheni, king'amuzi, taa na friji kama ipo sebuleni, weka 300. Friji watu huisahau. Joto lote inalolitoa kwenye vyakula, pamoja na umeme wake, linaishia mgongoni kwake, yaani sebuleni kwako.

Imebaki hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hesabu ya pwani inapoachana na hesabu ya Dodoma au Nairobi.

Nyumba inapumua. Hewa ya nje inapenya chini ya mlango, kwenye reli za madirisha, kwenye matundu ya taa darini. Tuseme hewa yote ya sebule inabadilika mara moja kila saa, yaani mita za ujazo 90. Kuipoza hewa hiyo kutoka nyuzi 32 hadi 25 kunahitaji wati 210 tu. Lakini hewa hiyo haiji kavu. Hewa ya Kigamboni ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 inabeba karibu gramu 21 za maji katika kila kilo ya hewa. Hewa inayomstarehesha mtu ndani, nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, inabeba karibu gramu 11. Zile gramu 10 zinazozidi lazima AC iziondoe, na kuyageuza maji ya hewani yawe matone kunagharimu nguvu. Kwa sebule yako ni wati 750. Ona: kuyakamua maji ya hewa ile kunataka zaidi ya mara tatu ya kazi ya kuipoza. Ni zaidi ya lita moja ya maji kila saa. Ndiyo yale yanayodondoka kwenye kibomba nje, ambayo watu hutegea ndoo wakamwagilia maua.

Kiyoyozi chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya unyevu. Mwaka 1902, Willis Carrier alibuni mfumo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zisikae mahali pake. Starehe ya watu ilikuja baadaye. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kushika, maana karaha yetu ya usiku wa Machi ni nusu joto na nusu jasho lisilokauka.

Jumlisha sasa. Dari 2,100, dirisha la magharibi 1,720, kuta za nje 770, dirisha la kusini 250, kuta za ndani 250, hewa 960, watu 575, vyombo 300. Unapata karibu wati 6,900, yaani BTU 23,500 hivi. Ndiyo maana nikasema muuzaji hakukosea kwa sebule, na yule fundi wa 12,000 angekuacha unafuta jasho huku mashine ikinguruma kuanzia saa 8 mchana mpaka usiku.

Lakini angalia hizo namba mbili za kwanza. Dari na dirisha moja vimebeba zaidi ya nusu ya mzigo wote, na vyote viwili vinarekebishika.

Kwenye dari, tandika blanketi la nyuzi za kioo lenye unene wa milimita 75 juu ya jipsamu. Kile kiwango cha 3.5 kinashuka hadi karibu 0.5, na zile wati 2,100 zinakuwa 300. Ukiweza, ongeza karatasi ya foili chini ya mabati kwa upande wa darini. Iache nafasi ya hewa, isigusane na bati, maana kazi yake ni kurudisha mionzi, na ikilala juu ya kitu kingine haifanyi kazi hiyo. Mwambie fundi avae glavu na barakoa, na asifunike taa za kuchomeka darini ambazo zinahitaji kupumua. Waliokaa kwenye nyumba ya makuti wanajua ninachosema: paa la makuti lina unene na limejaa hewa iliyotulia, kwa hiyo mchana chini yake kuna ubaridi wakati jirani mwenye bati anahamia mwembeni. Tulipobadili makuti kwa mabati tulipata paa lisilovuja tukapoteza kizuizi cha joto. Blanketi ndilo linalokirudisha.

Kwenye dirisha, kivuli kiwe nje. Pazia zito la ndani linasaidia macho, lakini jua likishavuka kioo limeshageuka joto la chumbani, pazia linalipokea na kulitoa humohumo. Na kirefusho cha paa hakitoshi upande wa magharibi, kwa kuwa jua la jioni linaingia kwa chini, sambamba na macho. Unahitaji kitu cha kusimama wima: mbao za mlalo kwenye fremu, mkeka wa kuteremshwa kibarazani, au kichanja chenye mmea wa kutambaa. Mwarobaini mita chache kutoka ukutani hufanya kazi nzuri kuliko vyote, ila unahitaji miaka. Wazee wa Lamu na Unguja waliweka madirisha ya mbao yenye luva upande wa nje wa nyumba, wakazifunga mchana na kuruhusu upepo upite. Kivuli kizuri cha nje kinapunguza zile wati 1,580 hadi 400 hivi.

Toa sasa: dari imepungua 1,800, dirisha 1,180. Zinabaki wati 3,900 na ushee, yaani BTU 13,400. Hapo 12,000 ni pungufu kidogo na 18,000 inazidi. Mimi ningechukua 18,000 ya inveta, yaani AC inayoweza kubadili kasi yake, kwa sababu sebule hupokea wageni, sikukuu na misiba, na watu kumi wakikaa ni wati nyingine karibu 600. Ingekuwa chumba cha watu wawili ningesema 12,000 bila kusita.

Twende chumbani, ambako ushauri wa dukani ndio ulioniudhi.

Chumba cha kulala kinahesabiwa kwa saa kinachotumika. Saa 4 usiku bati limeshapoa. Bati hupoa upesi kama lilivyopata moto. Darini weka tofauti ya nyuzi 5, unapata wati 280. Kuta za tofali bado zinarudisha joto la mchana, wati 330. Kioo 40. Hewa inayopenya, mita za ujazo 48 kwa saa, ni wati 50 za kupoza na 360 za kukamua maji. Watu wawili waliolala, 150. Kuta za ndani 145, vyombo 50. Jumla ni wati 1,400, BTU 4,800 tu. Tuseme Jumapili mnataka kulala mchana saa 9, jua likiwa kali na dari haijawekwa blanketi: nimepiga hiyo pia, inafika BTU 9,400. Kwa hiyo mashine ya 9,000 inakaribia kuumudu mchana mbaya kabisa, na usiku ina karibu mara mbili ya inachohitaji. Ziada hiyo inatosha kukipoza chumba haraka mnapoingia, na ukishaweka blanketi hata ule mchana unakuwa mwepesi.

Sasa weka 18,000 humo. Itapuliza baridi kali, ndani ya dakika chache kipima joto chake kitasema 24 imefika, kompresa, yaani pampu ya gesi yake, itazima. Ubaya uko hapa: koili ya ndani, yaani lile bomba lililokunjwa linalopoza hewa, inahitaji dakika kadhaa za kuwa baridi mfululizo kabla maji hayajakusanyika ya kutosha kudondoka kwenda kwenye kibomba. Mashine kubwa inazima kabla ya hapo, feni inaendelea kuzunguka, na maji yaliyoshikilia kwenye mapezi ya koili yanapulizwa yanarudi chumbani. Kumbuka chumba hicho kina karibu lita 5 za kuondoa kwa usiku mmoja. Matokeo yake ni chumba chenye baridi na rutuba ya kuvu. Shuka zinakuwa kama hazijakauka, nguo za kabatini zinanuka, koga inatambaa nyuma ya kabati. Unahisi mwili unanata, unashusha rimoti hadi 18, baridi inaongezeka na unyevu unabaki. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja mjini ambako mama mwenye nyumba alikuwa ametupa magodoro mawili akidhani bomba linavuja ukutani. Bomba lilikuwa zima. Tulitoa 24,000 chumba cha mtoto tukaweka 9,000, na ndani ya wiki mbili ukuta ulikauka. Juu ya hayo, kompresa inayowaka na kuzima kila mara huchakaa mapema, na kila ikiwaka hunyanyua umeme mwingi kwa nukta moja, jambo ambalo mitaa yenye umeme hafifu hailivumilii.

Utaambiwa inveta imemaliza tatizo hilo. Imelipunguza, kwa kweli, na ninakushauri uchukue inveta vyumba vyote. Inaweza kupunguza mwendo badala ya kuzima. Ila nayo ina kima chake cha chini, nyingi haziendi chini ya robo au theluthi ya nguvu yake. Inveta ya 18,000 ikishuka kabisa bado inatoa 4,500 hadi 6,000, na chumba chako saa 9 usiku kinahitaji chini ya hapo. Itaanza kuzima na kuwaka kama zile za zamani.

Mkato wa mita za mraba tumeupima pia bila kukusudia. Sebule yako leo inahitaji karibu BTU 780 kwa kila mita ya mraba, ukiitengeneza 450, na chumba usiku 300. Nyumba moja, bati moja, namba tatu. Wakandarasi wa viyoyozi wa Marekani wana mwongozo mzima wa hesabu hizi za majumbani unaoitwa Manual J, una kurasa za kila aina ya ukuta na kila upande wa dira. Tulichofanya hapa ni mzizi wake. Matokeo ukiyapata, usiongeze zaidi ya asilimia 15 juu yake "kwa usalama", maana muuzaji naye ataongeza, na fundi naye ataongeza.

Kuhusu ufungaji nitasema machache. Kule nje, mashine iwekwe mahali pa wazi, isifichwe kwenye kibanda wala kwenye uchochoro ambako itavuta hewa moto iliyoitoa yenyewe. Kigamboni kuna chumvi ya bahari, uliza kama mapezi ya koili ya nje yamepakwa kinga, na kila miezi mitatu yamwagiwe maji baridi ya bomba, si pampu ya kuoshea magari. Fundi asifunge mabomba bila kuvuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu. Akikuambia atatoa hewa kwa kufungulia gesi kidogo, tafuta mwingine. Na weka kifaa cha kulinda umeme.

Njombe hesabu ni ileile, imegeuzwa kichwa. Sasa joto ndilo linalokimbia nje, na kazi yetu ni kurudisha linalopotea.

Mji huo uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tuchukue 8 nje na 20 ndani, tofauti 12. Chumba cha wazazi tukikadirie mita 4 kwa 4, kimo 2.8, kuta mbili za nje za tofali za kuchoma. Kuta zinapoteza wati 540, dirisha 120, dari ya ubao mtupu na bati juu yake 480, na hewa inayopenya, kwa milango ya mbao iliyopinda, 270. Jumla ni wati 1,400. Jua na unyevu hatuvihesabu, maana usiku wa baridi havituongezei mzigo. Hita ya kilowati 2 itakipasha chumba na kupumzika. Inavuta karibu ampea 9, plagi ya ampea 13 inaibeba vizuri, ila isipitie kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Chagua ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta, kwa sababu haina waya mwekundu wa kuunguza blanketi wala feni ya kupeperusha vumbi kwa mtu mwenye kifua.

Ukitandika blanketi darini, zile 480 zinakuwa 90. Ukiweka mpira kwenye fremu ya mlango na kuziba chini yake, hewa inapungua nusu. Mzigo wote unashuka chini ya kilowati 1, hita inafanya kazi nusu ya muda au pungufu, na LUKU ya wazee inapumua. Kama uwezo upo, AC ya inveta ya 9,000 inayotoa baridi na joto ni nafuu zaidi kwa umeme, kwani kwa wati moja inayonunua hubeba ndani wati tatu hivi za joto kutoka nje. Ila gharama ya kuanzia na fundi wa kuihudumia huko uvipime kwanza.

Kitu kimoja nakuomba umpigie mama simu leo, usingoje hita. Kama wanaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wasiliingize tena. Mkaa unaowaka taratibu hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husinzia, halafu haamki, na chumba kikiwa kimezibwa vizuri ndiyo hatari inazidi. Ziba mianya ya chumba kile baada ya jiko la mkaa kutoka, si kabla.

Dari ya Njombe ifanywe kabla ya Juni, yako kabla ya Desemba kaskazi haijaanza. Kabla fundi hajapanda na blanketi, pima joto la darini kwako saa 9 mchana kwa kipimajoto cha kawaida, kisha pima tena chini ya jipsamu baada ya kazi. Pima pia lile dirisha la magharibi upya, na kama si mita 2.4 kwa 1.5 badilisha namba yangu kabla hujaenda dukani.